Jeraha la Goti Uwanjani: Matibabu, Upasuaji na Safari ya Kurudi Mchezoni

Jumapili alasiri, kuanzia Camp Toyoyo mtaani Jericho hadi viwanja vya Umoja, Kayole na Dandora, mpira huchezwa hadi giza linapoingia. Mwaka unapoelekea ukingoni, Ziwani hufurika mashabiki wa kipute cha Koth Biro. Katika viwanja hivyo hivyo kuna tukio ambalo makocha wengi wa mitaani wamelishuhudia. Mchezaji anakimbia na mpira, hajaguswa na yeyote, anageuka ghafla kumkwepa beki, kisha anaanguka akiwa ameshika goti. Baadhi husema walisikia kitu kikialika ndani ya goti. Saa chache baadaye goti limevimba na halikunjiki.

Yanayofuata pia yanajulikana. Wenzake wanamchua kwa mafuta. Kesho yake anapigwa eksirei na kuambiwa kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Baada ya wiki tatu uvimbe umetoweka, anatembea vizuri, naye anavaa njumu tena. Katika mechi ya kwanza goti linateguka upya, na safari hii linaharibika zaidi ya mwanzo.

Somo hili linaeleza kinachotokea ndani ya goti hilo, matibabu yaliyopo, na namna mchezaji anavyoweza kurudi uwanjani bila kuumia mara ya pili. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: upasuaji huweka kamba mpya ndani ya goti, lakini mazoezi ya miezi isiyopungua 9 ndiyo humrudisha mchezaji uwanjani. Sehemu kubwa ya mazoezi hayo hufanyika nyumbani na mtaani.

KINACHOKATIKA NI NINI?

Goti ni kiungo kinachokutanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, huku pia ya goti ikiwa mbele. Mifupa hiyo hushikiliwa na ligamenti, yaani kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Ligamenti kuu za goti ni nne: mbili kandokando na mbili katikati, ambazo hupishana kama msalaba. Ile ya mbele kati ya hizo mbili, ambayo madaktari huiita ACL, huzuia mfupa wa muundi kuteleza kwenda mbele na huzuia goti kujipinda mtu anapogeuka.

Kati ya mifupa hiyo pia kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, viitwavyo meniskasi. Kazi yake ni kupunguza mtikisiko, kama mpira unaowekwa chini ya mashine. ACL inapokatika, meniskasi nayo mara nyingi huchanika, ama siku hiyo hiyo au baadaye goti linapoendelea kuteguka.

Wengi hudhani jeraha hili huletwa na rafu. Ukweli ni kwamba visa vingi, takriban 7 kati ya 10, hutokea bila mchezaji kugongwa. Huumia anapogeuka ghafla, anaposimama akiwa kasini, au anapotua kwa mguu mmoja baada ya kuruka, goti likiwa limeingia ndani. Ndiyo maana jeraha hili huwapata pia wachezaji wa netiboli, mpira wa vikapu, voliboli na raga.

Wasichana wako katika hatari kubwa zaidi. Tafiti katika michezo inayochezwa na jinsia zote mbili zimeonyesha kuwa msichana ana uwezekano wa mara 2 au zaidi wa kukatika ACL kuliko mvulana. Kwa Eastlands hili ni jambo zito, kwa kuwa soka ya wasichana imekita mizizi hapa kwa miaka mingi kupitia mashirika kama MYSA, lililoanzishwa Mathare mwaka 1987.

DALILI NA SIKU ZA KWANZA

Dalili kuu ni hizi: mlio au hisia ya kitu kukatika, goti kuvimba ndani ya saa chache, kushindwa kuendelea na mchezo, na baadaye goti kulegea au "kutoka" mtu anapogeuka au kushuka ngazi.

Mchezaji mwenye dalili hizo asirudi uwanjani siku hiyo, hata maumivu yakipungua. Goti lifungwe bendeji ya kuvutika isiyobana kupita kiasi, mguu uinuliwe juu ya mto, na barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja. Kuchua goti kwa nguvu, kulivuta au kulikanda kwa maji ya moto katika siku za kwanza huongeza uvujaji wa damu na uvimbe.

Ziko hali zisizongoja kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja ikiwa goti limepinda vibaya, ikiwa unyayo umekuwa baridi au umekufa ganzi, ikiwa hawezi kabisa kuukanyagia mguu, au ikiwa goti limekwama halinyooki.

Hapa pana kosa linalowagharimu wachezaji wengi. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti. Eksirei isiyo na mvunjiko wowote haimaanishi kwamba goti ni zima. ACL huchunguzwa kwanza kwa mikono ya daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye huushika mguu na kuuvuta taratibu akilinganisha na mguu wa pili. Uvimbe mkubwa huweza kuuzuia uchunguzi huo siku ya kwanza, kwa hivyo mgonjwa aambiwe arudi baada ya siku chache. Picha ya MRI huthibitisha, na huonyesha pia hali ya meniskasi.

JE, KILA ACL ILIYOKATIKA HUFANYIWA UPASUAJI?

Hapana. Uamuzi hutegemea maisha ya mtu, hali ya goti na majeraha mengine yaliyoandamana nalo.

Nchini Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu wazima 121 wenye shughuli nyingi ambao ACL zao zilikuwa zimekatika karibuni. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji mapema pamoja na mazoezi. Kundi la pili lilianza na mazoezi, likiwa na nafasi ya kufanyiwa upasuaji baadaye kukihitajika. Baada ya miaka 2, hali za makundi hayo zilikaribiana. Katika kundi la pili, takriban 4 kati ya 10 walihitaji upasuaji ndani ya muda huo, na wengine waliendelea na maisha bila kisu. Kwa upande mwingine, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliwaangalia watu ambao magoti yao yalikuwa bado yanateguka muda mrefu baada ya kuumia, ukapata kwamba walionufaika zaidi ni waliopelekwa kwa upasuaji.

Kwa lugha nyepesi, karani wa ofisi au mama wa duka ambaye goti lake halitoki tena baada ya mazoezi ya miezi mitatu huenda asihitaji upasuaji. Kijana anayetaka kurudi kucheza soka, raga au netiboli ya ushindani, au mtu ambaye goti linamtoka hata akishuka kwenye matatu, mara nyingi hushauriwa afanyiwe. Meniskasi iliyochanika kwa namna inayoweza kushonwa pia huharakisha uamuzi. Jambo lisilofaa ni lile linalofanywa na wengi: kutofanya mazoezi, kutofanyiwa upasuaji, na kuendelea kucheza. Kila goti linapoteguka, gegedu huliwa, na ugonjwa wa baridi yabisi ya goti huweza kumpata mtu kabla ya uzee.

KABLA YA KISU

Upasuaji wa ACL huwa si wa dharura. Kwa kawaida goti huachwa lipungue uvimbe, linyooke sawasawa na kukunjika vizuri kabla ya kuguswa. Anayeingia chumba cha upasuaji na goti gumu lililovimba hutoka na goti gumu zaidi. Wiki za kusubiri zitumike kuimarisha misuli ya mbele ya paja, kwa kuwa misuli hiyo huanza kunywea siku chache tu baada ya jeraha.

Wakati huo ndio pia wa kumuuliza daktari maswali haya: Kamba mpya itatolewa wapi? Meniskasi itashonwa au itapunguzwa? Ni nani atakayesimamia mazoezi baada ya upasuaji, na mara ngapi kwa mwezi? Gharama yote ni kiasi gani, ikiwemo picha, vifaa na fiziotherapia?

UPASUAJI WENYEWE

Mara nyingi ACL iliyokatika kabisa haishonwi, kwa kuwa ikishonwa peke yake mara nyingi haishiki. Daktari huiondoa, kisha huweka nyingine badala yake. Kamba hiyo mpya kwa kawaida hutolewa kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe: kano za misuli ya nyuma ya paja, sehemu ya kano iliyo chini ya pia ya goti, au ile iliyo juu yake. Kila moja ina faida na taabu zake. Kwa mfano, inapotolewa chini ya pia, mgonjwa huweza kusumbuliwa na maumivu anapopiga magoti, jambo la kuzingatiwa na anayesali kwa kusujudu au anayefanya kazi akiwa amepiga magoti.

Mgonjwa hupewa nusukaputi au hudungwa ganzi mgongoni. Kupitia matundu madogo, daktari huingiza kamera nyembamba na vifaa vyake. Hutoboa njia ndani ya mfupa wa paja na wa muundi, hupitisha kano hiyo, kisha huikaza kwa skrubu au vifungo maalumu. Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani siku hiyo hiyo au siku inayofuata.

Baada ya hapo, hatari za kuangaliwa ni chache lakini ni kubwa. Homa, usaha, au goti kuwa jekundu na la moto ni dalili za maambukizi. Maumivu na uvimbe kwenye shavu la mguu huweza kuwa dalili ya damu kuganda, na kubanwa pumzi ghafla ni dharura. Mgonjwa arudi hospitali bila kusubiri siku ya kliniki.

MIEZI TISA YA KAZI

Kano iliyohamishwa haiwi ligamenti siku ya upasuaji. Mwanzoni hukosa damu, hulegea, kisha mwili huijenga upya taratibu kwa mwaka mmoja au zaidi. Katika miezi mitatu ya kwanza maumivu yamekwisha na mchezaji anajiona mzima, lakini kamba iliyo ndani ni dhaifu. Hapo ndipo vijana wengi hudanganyika.

Wiki 2 za kwanza. Kazi ni tatu: kupunguza uvimbe, kunyoosha goti kabisa, na kuamsha misuli ya paja. Kisigino huwekwa juu ya blanketi lililokunjwa ili goti lining'inie na kunyooka lenyewe kwa dakika chache. Taulo iliyoviringwa huwekwa chini ya goti na mgonjwa hulibonyeza kwa kukaza paja, akihesabu hadi 5. Goti lisilonyooka mapema husumbua kwa muda mrefu, hivyo mto usiwekwe chini ya goti wakati wa kulala.

Maisha ya gorofani nayo yana mafunzo yake. Majengo mengi ya Eastlands hayana lifti. Anayetumia magongo hupanda ngazi kwa kutanguliza mguu mzima, na hushuka kwa kutanguliza magongo pamoja na mguu uliofanyiwa upasuaji. Choo cha kuchuchumaa ni kigumu na ni hatari wiki hizi, kwa hivyo familia itafute kiti chenye tundu au ndoo imara ya kukalia. Mtungi wa maji wa lita 20 ubebwe na mtu mwingine.

Wiki ya 2 hadi ya 6. Magongo huachwa mgonjwa anapoweza kutembea bila kuchechemea, isipokuwa daktari ameagiza vingine kwa sababu meniskasi imeshonwa. Mazoezi ya kukunja goti huendelea, pamoja na kusimama na kukaa kwenye kiti, kuinuka kwa vidole, na baiskeli isiyosogea ikipatikana.

Wiki ya 6 hadi ya 12. Nguvu hujengwa. Kuchuchumaa nusu, kupanda kidato cha ngazi kwa mguu mmoja, kuinua kiuno ukiwa umelala chali, kusimama kwa mguu mmoja. Ngazi ya jengo, kiti cha mbao na begi lililojazwa mchanga hutosha kuanzia. Bado hakuna kukimbia wala kupiga mpira.

Mwezi wa 3 hadi wa 6. Kukimbia mstari ulionyooka huanza tu ikiwa goti halivimbi, linanyooka sawasawa, na paja limerudisha sehemu kubwa ya nguvu zake. Huanza kwa dakika moja ya kukimbia na moja ya kutembea. Goti likivimba kesho yake, mazoezi yalizidi, yapunguzwe.

Mwezi wa 6 hadi wa 9. Kuruka na kutua kwa miguu miwili, kisha mmoja. Kugeuka taratibu, kisha kwa kasi. Mazoezi na mpira bila kugongana. Baadaye mazoezi ya timu nzima, na mechi huja mwisho kabisa.

Wako wanaosema wachezaji wa kulipwa hurudi haraka kuliko hivyo. Mashabiki wa Liverpool wanakumbuka kwamba Virgil van Dijk aliumia tarehe 17 Oktoba 2020 katika mechi dhidi ya Everton, na mechi yake ya kwanza ya ligi baada ya hapo ilikuwa tarehe 14 Agosti 2021. Alexia Putellas wa Barcelona aliumia Julai 2022, akarejea uwanjani mwishoni mwa Aprili 2023. Wote wawili walikaa nje karibu miezi 10, wakiwa na madaktari, mashine na wataalamu kila siku. Mchezaji wa Kariobangi anayerudi mwezi wa 5 kwa sababu kocha ana fainali anajaribu jambo ambalo hata hao hawakulijaribu.

MTIHANI KABLA YA KURUDI

Miezi 9 ni kiwango cha chini, wala kutimia kwake peke yake si ruhusa ya kucheza. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa Norwe na Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 ulipata kwamba, hadi kufikia mwezi wa 9, kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi ulipunguza kasi ya kuumia tena kwa takriban nusu. Utafiti huo huo uliwapima wachezaji kabla ya kurudi. Kati ya waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia goti tena. Kati ya waliofaulu, ni asilimia 5.6 tu.

Onyo hilo ni kali zaidi kwa vijana. Miongoni mwa walio chini ya miaka 25 wanaorudi katika michezo, karibu 1 kati ya 4 hukatika ACL tena, ama katika goti lile lile au lile la pili.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayepima na kuamua, lakini mchezaji na kocha wanaweza kuelewa vipimo vikuu:

1. Goti halina uvimbe, hata siku moja baada ya mazoezi makali, na linanyooka na kukunjika kama lile lingine.

2. Nguvu za paja zimefika asilimia 90 au zaidi zikilinganishwa na mguu mzima.

3. Kuruka kwa mguu mmoja. Hupimwa kwa futi ya fundi: mruko mmoja, miruko mitatu mfululizo, miruko mitatu ya kuvuka mstari kushoto na kulia, na muda wa kuruka mita 6. Mguu mzima ukiruka sentimita 180 na uliofanyiwa upasuaji sentimita 144, hiyo ni asilimia 80. Haitoshi. Unahitajika angalau sentimita 162, yaani asilimia 90.

4. Namna ya kutua. Mchezaji arekodiwe kwa simu kutoka mbele akiruka na kutua. Goti likiingia ndani, mazoezi yaendelee hata kama umbali umefikiwa.

5. Akili. Anayeogopa goti lake hucheza akijibana, na anayejibana huumia. Hofu hiyo isichekwe. Izungumzwe, na mechi zirudiwe kwa hatua: dakika 15, kisha 30, kisha kipindi kizima.

Tahadhari moja: mguu mzima nao hudhoofika wakati wa mapumziko. Ikiwezekana, upimwe kabla ya upasuaji ili alama zake zitumike baadaye.

Ni haki pia mchezaji aelezwe ukweli. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa baada ya upasuaji asilimia 81 hurudi kwenye mchezo wa aina fulani, asilimia 65 hurudi kwenye kiwango chao cha awali, na asilimia 55 hurudi kwenye mashindano. Wapo wasiorudi licha ya kujitahidi. Kwao bado kuna nafasi ya ukocha, urefa na uongozi wa timu, na goti linalowabeba kazini ni faida pia.

PA KUANZIA NA GHARAMA

Mwenye jeraha la goti aanze katika kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya kaunti. Kwa wakazi wengi wa Eastlands, hiyo ni Mama Lucy Kibaki. Kutoka huko huelekezwa kwa daktari wa mifupa na kwa fiziotherapia, au hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi kama Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Barua ya rufaa, picha na matokeo yote ya vipimo yahifadhiwe pamoja.

Usajili katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024 badala ya NHIF, ufanywe kabla ya jeraha. Hufanyika kwa simu kupitia *147#. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima. Matibabu ya hospitalini huhitaji mchango uwe umelipwa. Kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, mgonjwa aiombe hospitali imwandikie ni kiasi gani SHA italipa na ni kipi kitamkalia yeye, hasa picha ya MRI, skrubu na vikao vya fiziotherapia.

Ipo pia gharama isiyoandikwa popote. Mwendeshaji wa boda boda, mjenzi au mchuuzi hawezi kurudi kazini kama kawaida kwa wiki au miezi kadhaa. Timu na familia zinazochangia upasuaji zikumbuke nauli ya kwenda fiziotherapia. Harambee inayolipa kisu na kusahau mazoezi imelipa nusu ya matibabu.

KINGA HAINA GHARAMA

Programu ya kupasha mwili joto iitwayo FIFA 11+ ina mazoezi 15, huchukua takriban dakika 20, na haihitaji kifaa ila mpira. Sehemu ya kwanza ni kukimbia polepole, ya pili ni nguvu, mizani na kuruka, na ya tatu ni kukimbia kwa kasi na kugeuka. Kiini chake ni kumfundisha mchezaji kutua na kugeuka huku goti likiwa juu ya vidole bila kuingia ndani. Utafiti uliofanywa Rwanda katika timu za ligi ya daraja la pili na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa timu zilizoitumia zilipata majeraha machache kuliko zile zilizopasha mwili joto kwa mazoea yao.

Programu hiyo hufaa ikifanywa angalau mara 2 kwa wiki, msimu mzima. Kocha anayeona dakika 20 ni nyingi azilinganishe na miezi 9. Pia uwanja ukaguliwe kabla ya mechi. Mawe yaondolewe na mashimo yafukiwe, kwa kuwa mguu unaonasa ndio huvuta goti.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kuteguka lichunguzwe, hata kama eksirei haina kasoro.

Mchezaji asirudi uwanjani na goti linalotoka.

Mazoezi huanza kabla ya upasuaji na huendelea baada ya mechi ya kwanza.

Kurudi mchezoni ni baada ya miezi 9 na kufaulu vipimo, vyote viwili.

Kocha, mzazi na mchezaji waafikiane mapema juu ya tarehe hiyo, na fainali yoyote isiibadilishe.